Siku Tuliyoivalisha Nyumba ya Mama Ndanu

Siku ya kwanza kumwona alikuwa ameketi juu ya meza yangu ya kurandia, miguu ikining'inia, anasuka kikapu cha kiondo. Mimi nilikuwa nimekwenda kunywa chai. Banda langu karibu na soko la Jericho halikuwa na mlango, lilikuwa mabati na nguzo tu, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuingia, lakini hakuna aliyewahi kukaa juu ya meza ile. Chini yake palikuwa na kigoda cha miguu mitatu kilichobaki na miguu miwili.

Nilisimama. Nikimkuta mtu nisiyemjua maneno hunikauka, na akiwa mwanamke ndiyo zaidi. Akanitazama, akasuka kidogo, akanitazama tena.

"Wewe ni fundi," akauliza, "au ni mojawapo ya hizi mbao?"

Nikasema mimi ni fundi.

"Basi hiki kilivunjika juu ya mkokoteni tukihama. Utie mguu mmoja tu. Usibadilishe hiyo mingine, imekwisha nizoea."

Nilitafuta kipande cha mvule kilichobaki kwenye kazi nyingine, nikakichonga kuwa mguu. Alipokuja kukichukua kigoda alikikalia palepale katikati ya vumbi la mbao, akajisogeza upande huu na upande ule, akainuka, akaenda zake bila kusema kama kimempendeza. Jioni ile niligundua kwamba alikuwa amehamia mlango unaofuata wangu, pale Maringo. Nilimwona amekaa juu ya kigoda kile nje, akisuka, na sikuhitaji sifa nyingine.

Jina lake lilikuwa Nthoki, mtu wa Mwala, lakini sisi tulimwita Mama Ndanu kwa sababu ya binti yake. Mumewe, Muasya, alikuwa dereva wa lori na alikufa barabara ya Mombasa. Nyumba waliyokuwa wakikaa ilikuwa ya kampuni, na kampuni ikaitaka. Ndiyo sababu ya mkokoteni. Chumba alichopanga kilikuwa kimoja, na ndani kulikuwa na kitanda, sanduku la bati, kigoda na vyombo vya kupikia. Alisuka vyondo vya kuuza kwenye duka moja la mjini lililouzia watalii. Alisuka akitembea, alisuka kwenye foleni ya bomba, alisuka akigombana. Alikuwa akikaza nyuzi za mkonge kwa kuzisokota juu ya muundi wa mguu, na mahali pale ngozi yake ilikuwa laini na nyeusi kama mpini wa randa.

Mke wangu alikuwa nyumbani Bungoma akilinda shamba, na jioni nilikaa peke yangu mlangoni. Mama Ndanu hakukubali ninyamaze.

"Fundi, leo umesema maneno mangapi?"

"Machache."

"Yale mengine umeyaweka wapi?"

"Sijui."

"Ni akiba hiyo. Itunze, siku moja tutaihitaji."

Aliniuliza hivyo karibu kila jioni, na karibu kila jioni nilicheka, ambalo si jambo dogo kwangu.

Sasa lazima nieleze jinsi tulivyopokea wageni Maringo miaka ile, maana bila hilo mtu atatuona wajinga. Mgeni hakuwa wa nyumba moja. Ukisikia jirani ana mgeni, huulizi. Unatoa ulicho nacho kinachopendeza, unapeleka. Jecinta, aliyekaa mlango wa mkono wa kulia wa Mama Ndanu, alikuwa na vikombe sita vyenye maua ya waridi. Thamosi ilitoka nyumba nyingine, saa ya ukutani nyingine, vitambaa vya kufumwa vilitoka kila mahali. Viti vilitoka kwangu. Mgeni akiondoka, vitu hurudi kwao. Wageni wa mtaa mzima walinywea vikombe vile vya Jecinta. Nafikiri wako wakwe Kakamega na wakwe Kitui ambao mpaka leo kila mmoja anaamini vikombe vile ni vya upande wake. Hatukuona kuwa ni kudanganya. Mtu hampokei mgeni akiwa uchi, na nyumba ni hivyo hivyo.

Mwaka wa sabini na sita Ndanu alikuwa amemaliza kidato cha nne na akapata nafasi katika chuo cha uhazili mjini. Alitaka kujifunza kupiga taipu na kuandika hati mkato. Karo hawakuwa nayo. Lakini kanisa lao lilikuwa na mfuko wa kuwasaidia watoto wa wajane, basari, na Ndanu akachukua fomu akaijaza akiandikia juu ya sanduku. Fomu iliuliza nyumbani kuna nini. Akaandika kitanda kimoja, sanduku moja, kigoda kimoja, sufuria mbili.

"Umenisahau," mama yake akamwambia. "Andika na mama mmoja, wa zamani."

Haya yote niliyajua baadaye. Kanisa lilisema mtu atakuja Jumamosi kuhakikisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Ndanu alijua maana yake, na mama yake pia alijua. Lakini kwenye bomba Mama Ndanu alimwambia Jecinta maneno haya tu: "Jumamosi nina mgeni, mzee wa kanisa." Hakusema anakuja kufanya nini, kwa sababu mtu hasimami bombani kutangaza kwamba ameomba msaada.

Jumamosi asubuhi Mama Ndanu alipeleka vyondo mjini. Ndanu alikwenda kanisani kumngoja huyo mzee amwonyeshe njia, kwa kuwa nyumba za Maringo zinafanana. Ufunguo uliachwa kwa Jecinta. Hapo ndipo Jecinta alipokuja bandani kwangu amefunga leso kiunoni.

"Fundi, yale makochi mekundu yamekwisha?"

Nikasema yamekwisha, vanishi imekauka. Yalikuwa ya mwenye bucha mmoja wa Eastleigh, angeyachukua jioni. Moja refu la watu watatu na mawili ya mtu mmoja mmoja, kitambaa chekundu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko yale.

"Sasa yanafanya nini hapa? Yalete kwa Mama Ndanu yakajifunze kukaliwa."

Sikubishana. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nikipigilia kitambaa kile, zaidi ya mara moja nilikuwa nimemfikiria mtu aliyekaa kila siku juu ya kigoda cha miguu mitatu. Niliyapakia kwenye mkokoteni, nikayasukuma mwenyewe.

Tulifanya kazi. Wanawake wakaleta vitambaa, saa ikapigiliwa, redio ya jirani wa nyuma ikawekwa juu ya sanduku, na sanduku likafunikwa lisijulikane kuwa ni sanduku. Kigoda kilikuwa hakina mahali, Jecinta akakivalisha kitambaa cheupe akaweka thamosi juu yake. Kitanda tulikificha kwa pazia. Chumba kilipendeza hata sisi wenyewe tukapunguza sauti.

Mama Ndanu akatokea mlangoni na kiondo mgongoni, mkanda wake umepita kichwani. Alisimama. Akaingia polepole, akaweka mkono juu ya kochi refu, akausogeza mpaka mwisho wa mbao.

"Kaa basi, ujaribu," Jecinta akasema.

Akakaa. Akaegemea. Mkononi alikuwa na kiondo kingine alichokianza njiani, na mikono yake ikatulia juu ya mapaja. Sikuwa nimewahi kuiona imetulia. Alifumba macho, na mimi nikiwa mlangoni niliangalia chini kwa sababu niliona haya kumwona mtu amefurahi hivyo.

Kisha akafumbua macho, akakaa wima. "Jecinta," akasema kwa sauti ndogo, "huyu mgeni anakuja kuona..."

"Hodi," sauti ikasema nje.

Aliyekuja aliitwa Bwana Phares. Alikuwa mtu mwembamba wa tai na kofia, karani aliyestaafu, mwenye adabu nyingi. Ndanu alikuwa nyuma yake. Nilimwona msichana akitazama ndani, kisha akimtazama mama yake, na mama yake akitazama mikono yake mwenyewe. Mimi sikuelewa. Nilifikiri binti ameshangazwa na uzuri.

Bwana Phares akakaa juu ya kochi la mtu mmoja. Akatoa karatasi, akaisoma, akaangalia saa ya ukutani, akaisoma tena.

"Mama, hapa pameandikwa kigoda."

"Kipo," Mama Ndanu akasema. "Kiko chini ya thamosi."

"Na hiki?" Akapapasa mkono wa kochi.

Pale mlangoni wanawake walikuwa wamesimama watano au sita, kila mmoja akiangalia kitu chake jinsi kilivyokaa vizuri. Jecinta alikuwa ameshika sinia la vikombe.

"Mgeni, kunywa chai kwanza," Jecinta akasema. "Na hiyo redio ukitaka, inashika mpaka Dodoma."

Bwana Phares akatabasamu. Akageuka kwangu. "Na wewe ni nani?"

"Fundi."

"Makochi haya umeyatengeneza wewe?"

"Ndiyo."

"Huyu mama unamdai?"

Watu wote wakanitazama. Nilifikiri anataka kujua kama mjane huyu ana madeni, kama ni mtu wa kukopakopa. Sikutaka aonekane hivyo mbele ya mzee wa kanisa.

"Simdai kitu," nikasema.

Bwana Phares akaandika. Ndanu akasogea mbele. "Bwana Phares, haya makochi si..."

"Ndanu," mama yake akasema, "mpe mgeni sukari."

Msichana akampa sukari. Mzee akanywa chai, akaomba, akamshukuru kila mtu, akaenda. Wanawake walishangilia kidogo alipofika mbali. Mama Ndanu hakuinuka kwenye kochi mpaka nilipokuja na mkokoteni kulichukua. Mwenye bucha alipoyapokea jioni alikuta uzi wa mkonge kwenye mto, akaniuliza kama nimejaza katani badala ya sponji.

Barua ilikuja. Ndanu aliileta bandani akanisomea, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma mbele ya darasa. Nyumba ilionekana kuwa na uwezo wa kutosha. Maelezo ya mwombaji yalionekana si ya kweli.

"Ni mimi hapo, Fundi," akasema. "Mwombaji ni mimi."

Ndipo akanieleza yule mgeni alikuwa amekuja kufanya nini. Nilikuwa naranda ubao, na aliposema sikuacha kuranda. Sikujua niweke wapi mikono. Alipoondoka ubao ule ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba, haufai kitu.

Jioni nilikwenda kwa Mama Ndanu. Jecinta alikuwa pale analia, kanga mdomoni. Mama Ndanu alikuwa juu ya kigoda.

"Mbona hukutuambia?" Jecinta alikuwa akisema. "Ungetuambia tungekuletea hata matambara."

"Ningewaambia saa ngapi? Nilikuta mmekwisha maliza."

"Na alipokuuliza?"

"Ningesema nini, Jecinta? Niseme si vyangu, na wenyewe mmesimama pale mnafurahi?" Akasokota uzi juu ya muundi. "Tena nilikuwa nimekaa vile. Aibu ilinishika." Akamtazama binti yake aliyelala kitandani ameelekea ukutani, mabega yakitikisika.

Mimi nilitaka kusema kosa ni langu. Nilitaka kusema ni lile neno nililolisema, kwamba simdai, kana kwamba makochi ni yake na ameyalipia. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini walikuwapo watu wawili wenye kulia, nikaona neno langu halina pa kukaa.

Kamati ya mfuko ilikutana Jumanne jioni katika ukumbi wa kanisa. Tulikwenda watatu. Jecinta alibeba vikombe vyake kwenye karai, aonyeshe kuwa ni vyake. Mama Ndanu alibeba kigoda kichwani na kusuka njia nzima. Mimi sikubeba kitu, na mikono yangu ilinisumbua.

Wazee walikuwa wamekaa nyuma ya meza, na Bwana Phares mwisho. Tuliambiwa tuseme haraka. Mama Ndanu akakiteremsha kigoda, akakiweka katikati ya sakafu, akakikalia.

"Hii ndiyo nyumba yangu," akasema. "Nimekuja nayo."

Mzee mmoja akacheka. Bwana Phares hakucheka. "Mama, mimi niliandika nilichoona."

"Na uliona vizuri. Tulikuvalishia nyumba, kama wewe ulivyotuvalia tai. Mtoto aliandika kilichopo. Huyu hapa ana vikombe, mwingine ana saa, na makochi aliyeyaleta ataeleza." Akanigeukia. "Fundi, sasa toa ile akiba."

Nilisimama. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa matambara na nilisikia kila teke. Nikasema makochi ni ya mwenye bucha wa Eastleigh. Nikasema ni mimi niliyeyaleta. Nikasema nilipoulizwa kama namdai nilijibu simdai, na ni kweli, mtu humdai nani kwa kitu ambacho si chake? Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya watu, na jasho lilinitoka mpaka mgongoni.

Bwana Phares alivua miwani. "Mbona hukusema hivyo pale, ndugu yangu?"

Hilo sikulijibu. Nimejaribu kulijibu mara nyingi tangu siku ile, nikiwa na msumeno mkononi au nikiwa nimelala, na bado sijapata jibu linalotosha.

Mwenyekiti alisema wanatuamini. Alisema pia kwamba nafasi ya mwaka ule imekwisha kutolewa kwa kijana wa Baba Dogo, na chuo chake kimefunguliwa, yuko darasani.

"Hatuwezi kumnyang'anya," akasema.

"Msimnyang'anye," Mama Ndanu akasema. Akainuka, akachukua kigoda chake. "Huyo hakuwa na majirani."

Hakusema kwa ubaya. Hata alicheka kidogo, na Jecinta alicheka huku vikombe vikigongana karaini. Mimi sikuweza kucheka. Wakatuahidi kwamba mwaka unaofuata Ndanu atakuwa wa kwanza.

Basi Ndanu akaenda kufunga blanketi kwenye kiwanda huko Baba Dogo, angoje mwaka upite. Na Mama Ndanu akaanza kulinda umaskini wake. Hakukubali kitu cha mtu kiingie. Jecinta akimpelekea chai kwenye kikombe cha maua, aliinywea nje na kukirudisha mkono kwa mkono. Mimi nilimtengenezea kiti kimoja chenye mgongo, cha mvule, na mto mwekundu wa kitambaa kilichobaki. Nilikipeleka jioni, nikakiweka mlangoni, nikarudi nyuma.

Alikizunguka. Hakukikalia.

"Kirudishe, Fundi. Yule bwana akirudi akikute hapa, tutakwenda kanisani tena tumebeba nini?"

Nilikirudisha. Kilikaa bandani, watu wakauliza bei, nikasema kina mwenyewe.

Bwana Phares alirudi kweli, mwaka ulipozunguka, kabla hata ya kuitwa. Alikuja na fomu mpya mfukoni, akavua kofia, akakaa juu ya kigoda, na Mama Ndanu akasimama. Chumba kilikuwa kitupu hata kikatoa mwangwi. Mimi nilikuwa mlangoni pangu nikisikiliza, nikimwomba Mungu. Yule mzee alimpa Ndanu fomu kwa mikono miwili.

Ndanu alikuwa ametoka zamu ya usiku, nywele zina nyuzi za blanketi. Aliishika akaisoma yote, pale panapouliza nyumbani kuna nini.

"Bwana Phares," akasema, "mara ya kwanza niliandika ukweli. Sasa niandike nini?"

"Andika vilevile, binti yangu."

"Vilevile ndivyo vilivyoitwa uongo." Akaikunja fomu, akamrudishia kwa adabu, naye kwa mikono miwili. "Mpe mwingine. Mimi nina zamu."

Mama yake alimsihi. Jecinta alimsihi. Bwana Phares aliiacha fomu juu ya sanduku hata hivyo, ikakaa pale hadi siku ya mwisho ikapita. Watu wengine walisema msichana ana kiburi. Mimi sikuona kiburi. Niliona mtu aliyefanya jambo lililo sawa akaitwa mwongo, na aliyefanya aitwe hivyo ni mimi, niliyekaa mlango wa pili, nikimsalimu kila asubuhi akienda kazini. Naye aliniitikia kila asubuhi. Hakuwahi kuniambia neno baya, na afadhali angeniambia.

Alikaa kiwandani. Akawa msimamizi wa zamu. Miaka ikaenda, akampelekea mama yake mabati na saruji kule Mwala, nyumba ikasimama, na mwaka wa themanini na nne Mama Ndanu akasema sasa anarudi kwao.

Pikapu ya binamu yake ilikuja asubuhi. Mizigo ilikuwa michache, na mimi na binamu tuliipakia. Kitanda, sanduku, sufuria, mafungu ya mkonge. Nilileta na kile kiti cha mvule, ambacho miaka yote hiyo sikukiuza. Mto wake ulikuwa umefifia rangi. Nilikiinua tu nikakitia kati ya sanduku na kitanda, nikakifunga kwa kamba.

Mama Ndanu alinitazama nikikifunga. Safari hii hakuniambia nikirudishe.

Jecinta alimpa kikombe kimoja cha waridi kimefungwa katika gazeti, wakashikana muda mrefu. Kisha Mama Ndanu akaingia mbele, karibu na dereva, kigoda amekipakata, na kabla mlango haujafungwa akasokota uzi mara moja juu ya muundi, akaukata kwa meno. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Nilikuwa nimekusudia kumwomba msamaha siku ile. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. Yalinikauka kama siku ya kwanza.

Akaona. Akaweka mkono juu ya mkono wangu, pale niliposhika mlango, mkono wake ukiwa umetulia kabisa.

"Fundi," akasema, "siku ile ya makochi nilikaa vizuri."